Kura Moja ya Mwalimu

Kinyozi hana haja ya kununua gazeti. Siasa huletwa kitini kwangu na kila mwenye kichwa. Mmoja atakaa na kuapa kwamba mgombea wake ameshashinda, akishuka atapanda mwingine na kuapa kinyume chake, na wote nawaitikia "naam", kwa sababu wembe uko mkononi mwangu na sitaki mtu atikise kichwa. Kwa hiyo maneno ya uchaguzi nayajua. Aliyeujua uchaguzi wenyewe alikuwa mke wangu, na leo nataka kumsema yeye, maana amekwisha kufa na wanaomsema mtaani wanamsema vibaya au wanamsema nusu.

Alikuwa mwalimu wa darasa la nne. Mtaa mzima ulimwita Mwalimu, nami nikamwita hivyohivyo. Hata mama yangu mzazi, ambaye mwanzoni alimkataa eti amenizidi urefu, aliishia kumwita Mwalimu na kumsogezea kiti. Hatukujaliwa mtoto. Tulikuwa tukisema darasa la nne linatutosha, na kuna siku tuliamini.

Kila mwisho wa mwezi nilikwenda shuleni kwake kuwanyoa wanafunzi barazani, chini ya dirisha la darasa lake. Nyumbani alikuwa mtu wa maneno ya kuhesabika. Darasani alikuwa mwingine kabisa. Ulipofika wakati wa kuchagua kiranja, hakuwaambia watoto wanyooshe mikono tu mambo yakaisha. Alileta sanduku la viatu akalitoboa tundu juu, akatundika shuka kuukuu kwenye kona, na kwa siku mbili tatu hesabu na sayansi zikawekwa kando. Nilimsikia mwaka baada ya mwaka, hata ningeweza kufundisha mimi.

"Nchi ni darasa kubwa," ndivyo alivyoanza siku zote. "Kubwa mno, hatuenei chumba kimoja. Je, tunaweza wote kushika chaki kwa pamoja?"

"Hapanaa."

"Basi tunamchagua mmoja aishike. Chaki inakuwa yake?"

Hapo watoto walichanganyika, wengine ndiyo, wengine hapana.

"Si yake. Ni ya darasa. Anaishika kwa muda, kwetu ni miaka mitano, kisha anairudisha mezani na sisi tunaulizwa upya. Akiandika vizuri tunaweza kumpa tena. Akiandika ovyo, tunampa mwenzake."

Mwaka mmoja mtoto wa mwalimu mkuu alisimama akasema baba yake ndiye mwenye shule, kwa hiyo yeye apewe kura mbili. Darasa likaangua kicheko. Mwalimu hakucheka. Alimwita mbele, akamwita na mtoto wa mama aliyekuwa akifagia vyoo, akampa kila mmoja karatasi ya kura. "Haya, pimeni tuone ipi kubwa." Wakaziweka moja juu ya nyingine, wakazigeuza huku na huku. Zilikuwa sawa. "Kaeni," akasema, na somo likaendelea.

Mwingine akauliza kwa nini wajifiche nyuma ya shuka. Kwani kumchagua rafiki yako ni dhambi?

"Si dhambi. Lakini yule mwenye misuli anayekaa nyuma, ukimnyima kura akikuona, mapumziko utayaona machungu. Nyuma ya shuka hakuna mwenye misuli, hakuna baba, hakuna mwalimu. Ni wewe na karatasi yako. Ukitoka, kusema uliyemchagua ni hiari yako. Hakuna wa kukulazimisha."

Wagombea wakiwa watatu, mara nyingi aliyeongoza hakufika nusu. Watoto walishaanza kumshangilia, naye akawanyamazisha. "Amewazidi wenzake, ndiyo. Lakini waliomkataa ni wengi kuliko waliomtaka. Kwetu rais lazima apate zaidi ya nusu ya kura halali. Asipopata, wawili wa juu wanabaki, wa tatu anashukuriwa, na sisi tunapiga tena."

"Tena, Mwalimu?" akalalamika mtoto mmoja. "Na njaa hii?"

Nilicheka huko barazani hadi nikamwachia niliyekuwa namnyoa shimo kisogoni. Mama yake alikuja kunitukana kesho yake, na alikuwa na haki.

Basi mwaka huohuo wa shimo, walipokwisha kumpata kiranja wao, msichana mmoja wa dawati la mbele akauliza, "Mwalimu, na wewe ulimpigia nani kura ya rais?"

Darasa zima likainua vichwa, maana watoto wanapenda sana kujua mambo ya walimu wao. Nami nikaacha kunyoa.

"Mimi sijawahi kupiga," alisema. "Andikeni tarehe ya leo."

Ilikuwa kweli. Kwetu walimu ndio wanaoajiriwa kusimamia vituo vya kupigia kura, na ili msimamizi asije akawapendelea majirani zake, hupelekwa mbali na anakoishi. Tena sheria yetu inasema mtu atapiga kura pale tu jina lake lilipoandikishwa. Jina la mke wangu lilikuwa hapa mtaani. Mke wangu mwenyewe, kila siku ya uchaguzi, alikuwa ng'ambo huko, akiwaonyesha vizee sanduku lilipo. Uchaguzi wa kwanza alikuwa chuo cha ualimu, mbali vilevile. Hivyo ndivyo ujana wake ulivyopita, na utu uzima ukafuata.

Jambo hilo lilinikera kuliko lilivyomkera yeye. Mimi ni mtu wa hasira, sifichi. Nilimwambia akatae safari moja, aumwe kichwa, ajifanye mjamzito, lolote. Yeye alikuwa akikunja nguo zake za safari.

"Nikikataa watamleta asiyejua," alinijibu. "Atawarudisha nyumbani watu waliosimama juani tangu asubuhi, kwa sababu tu yeye amechoka."

"Na kura yako je?"

"Ipo."

"Na ungepiga, ungempa nani?"

"Kanyoe."

Hilo nalo lilikuwa balaa. Katika ndoa yetu yote sikupata kujua alimpenda mgombea gani. Nilimtega mezani, nilimtega kitandani, nilimsifia mmoja nikimtukana mwingine ili nione atakunja uso wapi. Hakukunja. Mgombea wangu mimi alimjua, alimjua hata jirani wa tatu, kwa jinsi nilivyokuwa nikipayuka.

Alipostaafu, shule ilimpa saa ya ukutani na hotuba ndefu. Tulipokuwa tukirudi nyumbani aliniambia kwamba uchaguzi ujao ni wake. Alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, huku ameibeba saa kifuani, nami nikajua jinsi alivyokuwa akiitaka kura hiyo miaka yote, akinyamaza. Akaanza kujiandaa kama bibi harusi. Alikwenda kuhakikisha jina lake limo kwenye daftari la wapiga kura. Alisikiliza hotuba za wagombea redioni na kuzima redio walipoanza matusi, ikawa redio yetu inazimwa mapema sana.

Miezi michache kabla ya siku yenyewe, kiharusi kikampiga. Nilikuwa kazini. Jirani alikuja mbio akanikuta nimemfikisha mteja nusu ya ndevu, nikamwacha hivyohivyo. Mwalimu alikuwa sakafuni jikoni, macho wazi, mdomo umekwenda upande. Upande wa kulia wote ulikuwa umekufa, mguu na mkono. Daktari alisema tushukuru. Mimi sikushukuru.

Maneno yalimrudia kwa shida, moja moja, mengi yamekatika katikati. Ungemwona mtu aliyekuwa akiwanyamazisha watoto hamsini kwa kukohoa tu, anatafuta neno "maji" hadi jasho linamtoka. Nilikuwa nikitoka nje kulia, kisha naosha uso na kurudi na utani wangu wa kipuuzi. Macho nayo yalikuwa na kasoro. Kitu kikiwa upande wa kulia hakukiona vizuri. Ulimwekea sahani, akala nusu moja, nusu nyingine ikabaki kama ilivyopakuliwa.

Maneno mawili yalirudi mazima mapema. "Kura," alisema. "Kalamu."

Nikamletea daftari na kalamu yake nyekundu, akaanza kujifunza kuandika kwa mkono wa kushoto. Hakutaka kuandika jina. Alitaka kuandika alama ya vema, ile wanayoiweka walimu kwenye jibu lililo sahihi, kwa sababu ndiyo inayowekwa kwenye karatasi ya kura, ndani ya kisanduku kilicho mbele ya picha ya mgombea. Kila mwalimu ana vema yake. Ya Mwalimu ilishuka kidogo tu, kisha ikapaa na mkia mrefu hadi kwenye mstari wa juu. Aliwahi kuniambia kwamba mtoto aliyepatia anastahili kuiona akiwa mbali. Sasa mkono wa kushoto ulikuwa ukitetemeka, lakini mkia haukufupishwa. Ulipaa vilevile, umepinda, ukaparamia mistari mingine.

Nikamwambia aache kujitesa. Sheria ilimruhusu abonyeze dole gumba kwenye wino na kuliweka kwenye kisanduku, na si yeye aliyewafundisha vizee wasiojua kusoma kufanya hivyo? Akanitazama kama alivyomtazama yule mtoto wa kura mbili.

"Mwalimu," akasema, akijigusa kifuani. Kisha akainua kalamu.

Siku ya uchaguzi zahanati ilituazima kiti cha magurudumu. Alivaa gauni lake la kijani, nikamchana nywele mwenyewe, ndiyo kazi yangu. Kituo kilikuwa shuleni, darasa lilelile la nne. Foleni ilizunguka uwanja, lakini wagonjwa, wazee na wajawazito hupitishwa mbele, watu wakatupisha. Wengi walikuwa wanafunzi wake, sasa wana vipara na wake wanene. "Shikamoo, Mwalimu," "Shikamoo, Mwalimu," hadi mlangoni. Aliwaitikia wote, kila mmoja kwa nusu ya neno.

Msimamizi wa kituo alikuwa mwalimu kijana aliyewahi kuwa karani chini ya mke wangu huko ng'ambo. Alipomwona alisimama. Jina likasomwa kwa sauti, mawakala wa wagombea wakalitafuta kwenye nakala zao na kulipiga mstari. Karani akachana karatasi, akaigonga muhuri nyuma, akampa.

"Mwalimu," msimamizi akasema kwa upole, "sheria inaruhusu mzee akusaidie kuweka alama."

Nilikuwa nimeshasogea. Mke wangu akainua mkono wa kushoto kunizuia.

"Siri," akasema.

Watu wakacheka kidogo, nami nikacheka nao. Moyoni iliniuma. Nilikuwa nikimlisha, nikimwosha, nikimbeba, na hapo tu ndipo nisipoweza kuingia. Nikarudi ukutani.

Kiti hakikuingia sawasawa. Kizuizi cha maboksi kilikuwa kimewekwa juu ya meza ndefu, ya watu wanaosimama, ikabidi anyooshe mkono juu kama anayetafuta kitu kabatini. Niliona kisogo chake na kiwiko. Kiwiko kilitetemeka, kikatulia, kikatetemeka. Alikaa sana. Nilijua anahangaika na mkia.

"Huyo bibi amelala humo?" akasema mtu mmoja kwenye foleni, kijana mwenye kofia. "Sisi wengine tuna kazi."

Nilimgeukia nikamwambia maneno ambayo hayafai kuandikwa, na askari akaniomba nitulie au nitoke. Lakini Mwalimu alikuwa amesikia. Kiwiko kilikwenda haraka, mara moja, kikashuka. Mtu akikosea, ana haki ya kuirudisha karatasi kabla ya kuitumbukiza na kupewa nyingine. Yeye aliwafundisha hilo watu wasiohesabika. Sidhani kama alijua amekosea. Kwa macho yale, nusu ya karatasi haikuwapo.

Aliikunja karatasi kwa kuibana chini ya mkono uliokufa, nikamsukuma hadi kwenye sanduku, akaitumbukiza mwenyewe. Karani akamtia wino kwenye kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto, ili mtu asirudi mara ya pili. Akakitazama kidole kile. Nusu ya uso iliyobaki hai ilicheka, na sikuwa nimeuona uso ule tangu siku ya jikoni.

"Nime... piga," aliniambia njiani.

"Umepiga, Mwalimu. Sasa niambie nani."

"Kanyoe," akasema, neno zima. Tukacheka hadi kiti kikaingia shimoni.

Jioni vituo vilipofungwa akanituma. Kwetu kura huhesabiwa palepale zilipopigwa, na mwananchi anaruhusiwa kutazama akiwa nje ya dirisha mradi afunge mdomo. Nikasimama barazani, mahali pangu pa kunyolea. Sanduku likafunguliwa, karatasi zikamwagwa mezani. Msimamizi aliinua moja moja, akaigeuza ili mawakala waione, akataja jina, akaiweka kwenye fungu lake. Mtu unapotazama vile unaona jinsi kura zinavyofanana. Ya mwenye duka, ya mlevi wetu wa pembeni, yangu, yote ni karatasi moja, inapita.

Kisha akainua moja akakawia.

Nilikuwa mbali na meza, lakini niliiona. Vema kubwa, imepinda, imeanza kwenye mstari unaotenganisha visanduku viwili, na mkia wake umepanda hadi kwenye picha ya mtu. Ningeitambua vema ile popote.

"Hiyo yetu," akasema wakala mmoja. "Pembe ya vema iko kwetu."

"Pembe iko mstarini," akasema mwingine. "Mkia umekuja kwetu."

Wakabishana. Msimamizi aliitazama karatasi kwa muda. Sijui kama naye aliitambua, sijathubutu kumwuliza hadi leo.

"Imegusa wagombea wawili," alisema hatimaye. "Hatuwezi kumkisia mpiga kura. Imeharibika." Akaiweka peke yake, pembeni mwa meza, akainua nyingine.

Mdomo wangu ulifunguka. Nilitaka kuwaambia huyo ni Mwalimu, huyo ndiye aliyewafundisha ninyi nyote, mmoja baada ya mwingine, mpeni kura yake. Lakini wangeniuliza alimtaka nani kati ya wale wawili, nami mumewe sikujua. Na hata kama ningejua, haikuwa yangu kuitaja. Nikashika nondo za dirisha nikanyamaza hadi wakamaliza.

Nilirudi nyumbani polepole. Nilimkuta ameketi kitandani, jirani aliyekuwa akimwangalia anaaga. Nikaketi, nikamtajia matokeo ya kituo chetu, huyu kapata kadhaa, huyu kadhaa. Aliitikia kwa kichwa kila jina. Msimamizi wa kura hasahau fungu la mwisho.

"Zilizo... haribika?"

Njia nzima nilikuwa nimejiandaa kusema hakuna. Nilimtazama, na uongo haukutoka. Huyu mtu hakuwahi kupunguza wala kuongeza kura hata moja maisha yake yote, na sikuweza kuanza kumpunguzia mimi.

"Moja," nikasema.

Akautazama mkono wake wa kushoto uliolala juu ya shuka, akauzungusha, akaurudisha.

"Yangu," alisema.

"Kura ni siri, Mwalimu. Huwezi kujua ni ya nani."

Akatikisa kichwa. Machozi yalimtoka jicho moja tu, lile la upande ulio hai, nami nikayafuta kwa kiganja kwa sababu sikuona kitambaa karibu. Nilitaka kumwambia kwamba kijana yule mwenye kofia Mungu atamwona. Nilitaka kumwambia kwamba uchaguzi mwingine upo. Tulikaa hivyo hadi chumba kikawa giza, wala hakuna aliyeomba taa iwashwe.

Hakuna mgombea aliyefika nusu, na nchi ikatangaziwa duru ya pili. Mwalimu alifariki kabla yake, alfajiri, kiharusi kingine, safari hii bila kelele. Mtaani wanasema ni uchaguzi uliomuua, kwamba mzee mwenye akili angemwacha nyumbani. Nawanyoa na kuwaitikia "naam".

Wanawake walipokuwa wakimwosha, wino ulikuwa bado uko kidoleni. Wakataka kuusugua, nikawaambia wauache.